Jumamosi Niliyotengeneza Mashine

Mama alifika kazini kwangu mara moja tu. Alishuka kutoka kwetu milimani, Kinole, na tenga la ndizi na kifurushi cha iliki, na kabla ya kwenda nyumbani kwangu Mafiga akapitia chuoni, kwa sababu alitaka kuiona kwa macho yake hiyo kazi ambayo siku zote nilishindwa kumweleza kwenye simu. Nikamwingiza chumba cha uchapaji. Mashine yetu ni ndefu kuliko kitanda, na siku hiyo ilikuwa inatoa makabrasha ya wanafunzi, karatasi zikifuatana haraka kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Mama aliweka kiganja juu ya rundo lililotoka.

"Kumbe zinatoka za moto," akasema, "kama mikate."

Akauliza ikiharibika nani anaitengeneza. Nikamwambia fundi yuko Dar es Salaam, ila mambo mengi nayafanya mwenyewe. Alicheka sana. Akasema kwa ile lafudhi yake ya milimani kwamba nyumbani hata koroboi nilikuwa naogopa kuishika.

Lakini nilisema kweli. Kila fundi alipokuja nilisimama pembeni yake mpaka anachoka na maswali yangu. Nikajua rola ipi ikichakaa inavuta karatasi mbili kwa pamoja. Nikajua kwamba wakati wa masika karatasi zinanyonya unyevu na kukwama, kwa hiyo rimu nilizipanga juu ya mbao, mbali na ukuta, na sikufungua hata moja kabla ya kuihitaji. Mkuu wa kitengo chetu, mzee wa Gairo aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, aliwaambia watu kuwa ile mashine inamsikiliza binti yake mmoja tu. Binti mwenyewe ni mimi. Nilijivuna.

Wakati wa kuchapa mitihani tunafungiwa ndani. Simu zinazimwa na kukabidhiwa, madirisha yanazibwa, magodoro yanaingizwa, na hakuna anayetoka mpaka bahasha ya mwisho ipigwe lakiri. Masika ile tuliingia Alhamisi tukiwa watatu: mimi, mama mmoja wa kufungasha bahasha, na mhadhiri aliyekuja kusimamia. Mzee, mkuu wetu, alibaki nje na ufunguo. Mitihani ilikuwa ianze Jumatatu.

Jumamosi asubuhi, tukiwa tumebakiza kama theluthi ya kazi, nikasikia mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, kisha harufu ya kuungua. Nilizima mashine na kufungua mlango wa pembeni. Karatasi ilikuwa imejiviringisha kwenye fyuza, yaani sehemu inayoyeyusha ule wino wa unga ili ushike kwenye karatasi, na beringi moja ilikuwa imekufa. Fundi wa Dar asingefika kabla ya Jumatatu. Stoo, ambayo mlango wake uko ndani kwa ndani, kulikuwa na mashine ya zamani ya aina ileile iliyokwisha kufa. Nikaamua kuichinja ile ili niponye hii.

Yapata saa tatu Mzee akaingia. Alikuwa na chupa ya chai na chapati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku zote chakula kililetwa na mhudumu. Mimi nilikuwa nimelala chini, mikono imeingia ndani ya mashine hadi kwenye viwiko.

"Itachukua muda gani?" akaniuliza.

"Shikamoo, Mzee. Nikiachwa nifanye kwa utulivu, mpaka saa kumi."

Hakuitikia shikamoo yangu. Aliweka chai na chapati mezani.

"Basi fanya," akasema, akatoka.

Nikafanya. Niliitoa beringi nzima kwenye ile mashine mfu kwa kuigonga kidogo kidogo nisiivunje. Nilipanga skrubu kwenye karatasi nyeupe kwa mfuatano wa kuzifungua, nikaandika namba pembeni ya kila moja. Kuna springi ndogo iliruka, tukaitafuta sote watatu kwa magoti. Saa kumi kasorobo nikawasha, nikachapa ukurasa wa majaribio, nikausugua kwa kidole gumba. Wino haukutoka. Yule mama wa bahasha akanikumbatia. Nakumbuka nilikuwa na furaha tele, nikala zile chapati zikiwa zimepoa.

Jumapili asubuhi bahasha ya mwisho ilipigwa lakiri. Mzee alifungua mlango, akawaruhusu wenzangu, mimi akaniambia nikae.

"Binti yangu," akasema, "mama yako ametutoka. Jana alfajiri."

Nikauliza swali la kijinga. Nikauliza, "Wanaanza kumwosha saa ngapi?"

Akainamisha kichwa. "Wameshazika."

Mama alianguka wakati anachukua udhu. Kaka yangu alinipigia, simu imezimwa, ndipo akampigia Mzee saa mbili asubuhi. Mzee akamwambia angenifikishia habari. Kwa neno hilo wakanisubiri. Mazishi yaliyokuwa yawe baada ya adhuhuri yakasogezwa hadi alasiri, na mjomba, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye usemi, akawa anatuma watu barabarani kuangalia kila gari linalopanda. Baada ya alasiri mawingu ya mvua yakaanza kukusanyika, akasema hawawezi kungoja zaidi.

Nilifika jioni ile ya Jumapili. Niliwakuta wanawake wamekaa mkekani, nikamwambia dada yangu anieleze yote, asiruke kitu. Alinieleza walivyomwosha: nani alishika kichwa, nani alimwaga maji, kwamba maji waliyapasha moto kidogo kwa sababu mama alikuwa hapendi baridi. Upande wa kulia wa mama, akasema, waliuacha wazi kwa muda mrefu, kwa kuwa pale palikuwa pangu. Mwishoni shangazi akakaa pale.

Siku ya tatu Mzee akaja. Alipanda kwa miguu kutoka gari lilipoishia, viatu vimejaa matope, akakaa na wanaume, akala. Kabla ya kuondoka akaomba kusema na mimi.

"Nilikuja mpaka ndani nikiwa na maneno mdomoni," akasema. "Nikakukuta chini ya ile mashine."

"Ungeniambia, ningeondoka."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Alikuwa analia, mtu mzima wa umri ule, mbele ya ndugu zangu. Nikamwambia mvua inakuja, awahi gari.

Niliporudi kazini baada ya wiki moja, nilimkuta fundi wa Dar ameifungua mashine kuikagua. Aliniita.

"Dada, nani alifunga hii beringi?"

"Mimi."

"Peke yako? Sisi wenyewe hutuchukua siku nzima. Wewe ilikuchukua muda gani?"

"Kuanzia saa tatu mpaka saa kumi kasorobo."

Akanipa mkono, akanipongeza, akasema nafaa kufundisha wengine. Nikasema ahsante. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, na nilikaa pale hadi waliponitafuta.

Kwa miezi iliyobaki mimi na Mzee tulisalimiana na kuzungumza mambo ya kazi, basi. Wiki yake ya mwisho kabla ya kustaafu aliniletea karatasi aliyoiandika kwa mkono. Ulikuwa utaratibu mpya, umekubaliwa na wakubwa wote: mlinzi awe na namba za ndugu wa kila anayefungiwa, na habari ya msiba au ugonjwa iingizwe ndani saa ileile, hata kazi iwe imefika wapi.

"Naomba unichapie," akasema.

Nilikaa nikaipiga taipu, nikatoa nakala kumi. Moja niliibandika mlangoni kwa ndani. Nyingine nilimpa yeye, akaikunja vizuri, akaitia mfuko wa koti, akaniaga.