Mchana Kiwandani, Wikiendi Jukwaani, na Sasa Sisikii

Admin, pole na kazi. Naomba unifichie jina na bendi yetu usiitaje kabisa, maana hapa Singida tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mmoja, nina mke na binti wa miaka mitatu. Kazi yangu ya kila siku ni kusimamia mashine ya kukamua alizeti hapa mjini, na mwisho wa wiki naimba kwenye bendi ya harusi. Mimi ndiye mwimbaji kiongozi.

Shida ya kazi zangu hizi ni kwamba msimu wake ni mmoja. Watu wakishavuna ndipo wanaleta alizeti kukamua, na wakishauza ndipo wanaoa na kuozesha. Ijumaa natoka kiwandani nanuka mashudu, naoga harakaharaka, naruka kwenye gari la vyombo vya muziki tunakwenda Shelui, Manyoni, popote walikotuita. Jumatatu asubuhi niko kwenye mashine tena, sauti imekauka. Wapo wanaosema nina tamaa. Jamani, siyo tamaa. Mashine inalisha nyumba yangu, lakini nikiacha kuimba nahisi nitakuwa mtu mwingine kabisa, mtu ambaye hata mimi simpendi.

Sasa masikio yamenigeuka. Yalianza kwa kuvuma, nikadhani ni uchovu. Baadaye nikawa naona midomo ya watu inacheza na mimi naitikia tu "eeh, eeh." Nilienda kupimwa kimyakimya. Daktari akaniandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa ili nielewe, kwamba kelele za mashine na spika zimeniumiza masikio, na nisipotoka kwenye kelele zote mbili hata hicho kidogo kilichobaki kitaondoka. Kifaa cha kuvaa sikioni alinitajia, ila alisema nikibaki kwenye kelele hakitanisaidia. Mnaotaka kuniambia nizibe masikio, nimejaribu. Nikiziba kiwandani siisikii mashine ikibadilisha mlio, na mlio ndio unaokuambia imekaba, imekwama. Nikiziba jukwaani sisikii kinanda.

Sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Na kwa kuwa sijasema, kila upande una majibu yake. Juzi mashine ilikaba, wenzangu wakakimbia kuizima, mimi nimesimama pembeni yake naendelea kumimina alizeti kama kichaa. Tajiri, mwenye kiwanda, alinishika mkono akapiga kelele, "Wewe, bendi itakuua! Chagua moja!" Kisha harusi ya Shelui, wakati wa kuingiza maharusi, nikaanza wimbo kwa sauti ambayo haikuwa ya kinanda. Mpiga kinanda akanifuata, mimi nikahamia kwingine, ukumbi mzima ukageuka kutuangalia. MC akaokoa jahazi kwa utani. Kiongozi wa bendi, ambaye ni kama kaka yangu na ndiye aliyenifundisha kuimba tangu kwaya, akaniita nyuma ya spika.

"Bwana mdogo, umekunywa?"

"Kaka, unajua sinywi."

"Basi ni hiyo mashine inakumaliza. Acha hiyo kazi, au mimi nitafute mwimbaji."

Nilikuwa nasoma midomo yake huku nakaza uso nisilie.

Yote hayo ningevumilia. Kilichonifikisha hapa ni mama mkwe. Wiki iliyopita alikuwa stendi ametoka kijijini Iramba na mzigo wake, akaniona, akaniita; haya nimeambiwa baadaye. Nikapita. Akaita tena mbele ya watu, nikapita bila hata shikamoo. Mnajua huku kwetu kumpita mama mkwe bila shikamoo ni nini. Alifika nyumbani analia, akamwambia mke wangu, "Mumeo amekuwa msanii, siku hizi hataki hata kutuona." Mke wangu amenuna mpaka leo. Mashemeji wamenipangia kikao Jumapili hii, nikaombe radhi kwa kumdharau mama na nieleze kiburi hiki kimetoka wapi.

Nikisema ukweli kwenye kikao, hautakaa siri hata siku moja. Mke wa tajiri wangu ni shangazi yake mke wangu, na ndiye aliyenitafutia kazi. Mtu asiyesikia nani atamwachia mashine? Na bendi itampa nani maiki kama mwimbaji ni kiziwi? Nitapoteza vyote viwili siku moja. Nikinyamaza, nikubali mbele ya wazee kwamba nilimdharau mama aliyenipa mke, jambo ambalo sijawahi hata kuliwaza. Nampenda yule mama. Naumia sana.

Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Nilijiambia nimalizie msimu huu tu, harusi zilizobaki na alizeti iliyobaki, halafu ndiyo nijue la kufanya. Kisha jana mchana nimekaa uani, binti yangu akaja akasimama mbele yangu, akawa anafungua mdomo, anapunga mikono, anarukaruka. Nikajua anaimba, maana anapenda kuniiga. Nikafurahi, nikampigia makofi, nikamwambia, "Imba tena, mama!" Akazidi, nikazidi kupiga makofi. Mke wangu akatoka ndani mbio, akamvua kiatu, akachomoa mwiba mrefu kwenye kisigino. Alikuwa analia. Mwanangu alikuwa ananililia mimi.

Mke wangu aliniangalia kwa macho ambayo sijawahi kuyaona, akambeba mtoto, akaingia ndani. Mpaka naandika hapa hatujasemeshana. Nadhani anaamini sasa na mtoto namdharau.

Ndugu zangu, wenye familia na wenye kazi mbili kama mimi, msinicheke. Jumapili niseme, au ninyamaze nimalizie msimu? Andikeni tu, nitasoma yote.