Karafuu Maiti Mlangoni

Mimi sikusoma. Chuoni nilitoka na juzuu mbili na alama za bakora. Duka langu la Ibra nimelisimamisha kwa mikono hii, basi simtaki mwenye shahada aje kunifundisha mkunazi.

Mkunazi kanifundisha bibi mmoja wa kibedui, wa Al Mintirib. Kila jani ninalolijua limetoka kwake: lipi la tumbo, lipi la jeraha, lipi ukilizidisha linaua. Uzeeni nikaanza kuyafanya picha. Natandaza bafta nyeupe, napanga majani, nayagonga kwa jiwe mpaka maji yake yaingie kwenye uzi. Weusi naupata kwa maganda ya mgunga na misumari yenye kutu. Bibi akinicheka: "Dawa ya watu unauvisha ukuta!"

Ukumbi mmoja wa maonyesho wa Nizwa ukaitaka nguo yangu kubwa. Bibi akakubali, ila kwanza aione yeye, na asilolitaka litoke. Haki yake. Elimu ile ni ya kwao. Nikampakia garini na mkongojo wake.

Mwenye ukumbi ni msichana aliyezaliwa huku huku kwa Waarabu, wazee wake wa Unguja. "Shikamoo, bibi," akaniamkia mimi. Marahaba. Kisha nikanusa. Mlangoni, chini ya nguo yangu, kaweka bakuli la mkunazi uliopondwa, na karafuu maiti juu yake.

"Nini hii?"

"Harufu ya wageni, bibi. Mkunazi peke yake haunukii, nikatia kafuri hii juu. Si nzuri?"

Bafta nyeupe, mkunazi, karafuu maiti. Hivyo ndivyo tunavyoosha na kukafini, na yeye Mwislamu, kasoma mpaka ng'ambo!

"Umewahi kuosha maiti wewe?"

"Mimi? La! Si kuna watu wake?"

Yule bibi wa kibedui keshafika kizingitini. Kaitazama nguo, kalitazama bakuli, kanitazama mimi. "Mmeshanitayarishia kila kitu," akasema kwa Kiarabu chake. "Mnangoja nilale tu?" Akageuka, akarudi garini.

Bakuli nikalimwaga nje, nguo nikaitungua.

"Bibi, wageni wanakuja!" msichana akaniambia.

"Waje watazame ukuta."

Garini nikamtandazia mapajani. Akapitisha kidole jani kwa jani, mpaka kwenye jani dogo la pembeni.

"Hili toa."

"Limekosa nini?"

"Hili la mzazi, la siku zake za mwanzo baada ya kujifungua. Wanaume wapite hapa walitumbulie macho?"

"Jani tu hili, hawatalijua."

"Wewe ulilijua kabla sijakwambia? Na huyo mwana wa bakuli, ukimwambia, si atalibandikia maelezo? Toa. Mengine nimeridhia."

"Nguo ni moja. Nalitoaje?"

"Kwa mkasi."

Kazi ya miezi ile. Nikashuka nimefura, nikaenda kuuomba mkasi kwa yule yule msichana. Sikumtaka radhi, wala yeye hakunitaka. Nikakata.

Nguo ikarudi ukutani na tundu lake. Msichana akaniuliza aandike nini pale. Nikamwambia asiandike kitu.