Nilipuliza vuvuzela kwenye mahafali ya binti yangu, mama wa pembeni akakosa kulisikia jina la mwanaye

Wakuu, poleni na majukumu. Hili sijasimuliwa, limenikuta mwenyewe. Naliandika kama lilivyokuwa, hata pale ambapo mkosaji ni mimi.

Naishi Masuguru, Korogwe, nauza spea za pikipiki. Binti yangu Rehema alikuwa anamaliza form four kwenye shule moja ya bweni upande wa Handeni. Kwetu ni wa kwanza kufika hapo. Mimi na kaka zangu tuliishia la saba, tukaingia kukata mkonge kwenye mashamba ya Ngombezi.

Kwa hiyo tulijipanga. Watu kumi na wanne, sare ya kitenge, mashada ya maua ya plastiki, filimbi na vuvuzela mbili. Moja niliishika mimi.

Tulichelewa, tukakuta viti vya mbele vimejaa. Nikapata kiti cha nyuma kabisa chini ya turubai, pembeni ya mama mmoja mtu mzima aliyekuja peke yake kutoka Kang'ata. Nikamwamkia, shikamoo.

"Marahaba mwanangu," akasema. "Mimi ni mama yake Saada. Macho yameingia ukungu, huko mbele naona rangi tu. Nasubiri jina."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, atalisikia.

Kabla ya kugawa vyeti, mwalimu wa taaluma alishika mic. Akasema furaha ni ya wote, ila tupige makofi matatu kisha tukae, jina linalofuata lisikike. Na mimi nikapiga makofi kukubali.

Sijui nilidhani anaongea na nani.

Walipomwita Rehema, ukoo mzima ulikwenda mbele. Dada zangu wakamvalisha mashada mpaka uso hauonekani. Nikapuliza hadi pumzi ikaisha, nikavuta nyingine, nikaendelea. Mwalimu aliomba tukae mara mbili, akaona hatusikii, akaendelea kusoma. Mgeni rasmi alikuwa na safari.

Nikarudi kwenye kiti natokwa jasho. Mama Saada alikuwa amekaa vilevile, shingo kainyoosha.

"Saada bado?"

"Bado, mama."

Wakuu, sikumdanganya. Niliamini hivyo.

Majina yakaendelea kwa mpangilio wa alfabeti hadi Zuhura, mwalimu akafunga faili. Hapo ndipo nikaelewa.

"Kwani wamemaliza?" akauliza.

Nikamwinamia.

"Wamemaliza, mama. Nadhani lilisomwa wakati tunapiga kelele sisi."

Hakunigombeza. Alitengeneza mtandio wake tu, akasema, "Basi. Nilikuja kulisikia hilo."

Angenitukana ningepata la kujibu.

Nikamfuata mwalimu. Alinitazama, akaitazama vuvuzela mkononi mwangu. "Mzee, nilisema."

"Ulisema, mwalimu. Naomba urudie jina moja tu."

Akanionyesha ratiba: mgeni rasmi anaanza hotuba, haiwezekani. Alikuwa sahihi. Nikarudi kukaa, na hiyo hotuba siwezi kuwaambia ilihusu nini.

Watu walipohamia kwenye chakula, nikamwona mwalimu anakuja na faili lake. Spika zilishafunguliwa zinapakiwa garini. Saada hakutaka kuja, ameshavua joho na anaona aibu. Rehema, aliyeshaelezwa na mwalimu, ndiye alimleta kamshika mkono. Mimi hakuniangalia.

Mwalimu akasimama mbele ya kile kiti, akafungua faili, akasoma kwa sauti ya kawaida: "Saada Bakari. Mhitimu. Zawadi ya somo la Biolojia, nafasi ya kwanza."

Mama akageuza uso. "Na hilo la Biolojia lilisomwa kule?"

"Lilisomwa, mama," mwalimu akajibu.

Mama akapiga kigelegele kimoja, kifupi. Waliokuwa kwenye foleni ya pilau wakageuka, wasijue kuna nini. Saada alichuchumaa, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake.

Nikamwomba mama radhi. Akasema, "Na wewe ulikuwa na mtoto wako." Sijajua hadi leo kama ndiyo kunisamehe.

Tukarudi Korogwe. Tulipofika nyumbani, wengine wameshaingia ndani, Rehema akasema: "Baba, nilifurahi mlivyokuja. Ila Saada nilitaka kumpigia makofi."

Nilichojifunza ni hiki. Siku ya mahafali jina la mwanao lina sekunde zake chache, furahi nazo. Zinazofuata ni za mtoto wa mtu mwingine, na huenda mzazi wake kaja kwa ajili ya hizo tu.

Walimu mliomo humu, kwenu hili mnalidhibiti vipi? Na wewe mzazi uliyewahi kukaa upande wa mama Saada, andika ilivyokuwa. Hata ukiamua kunisema, una haki.