Utando Uliogeuka Njano

Mvua za Mbeya zilipoanza, Tusekile alitoa nje vipande viwili vya kioo akaviweka juu ya ukuta mfupi, nyuma ya maabara ya chuo. Kila kimoja kilikuwa na utando mweusi wa perovskaiti, kemikali inayogeuza mwanga kuwa umeme kwa gharama ndogo lakini huharibika upesi ikiguswa na unyevu. Kazi yake ilikuwa kutafuta polima, yaani kitu cha jamii ya plastiki, ya kuilinda.

Utando wa kwanza aliuchanganya na polima ya glikoli. Hiyo ndiyo aliyoichagua mwenyewe, na shahada yake ya uzamili iliitegemea. Kiangazi kizima, tando zenye glikoli zilitoa umeme mwingi kuliko nyingine zote. Wa pili aliufunika kwa akriliki, ndugu wa ile plastiki ngumu ya mabango. Akriliki ilizuia maji, ila umeme ulipungua.

Mama yake, kwenye simu kutoka Tukuyu, aliielewa kazi hiyo kwa namna yake. "Kwa hiyo unasomea nailoni."

"Ndiyo, mama. Nailoni." Hakuwa na nguvu ya kueleza zaidi.

Malighafi iliyobaki ilitosha paneli moja ndogo ya majaribio, iwashe taa ya kibarazani katika zahanati moja ya Kilolo msimu wote wa mvua. Dakta Sosthenes, msimamizi wake, alimwachia achague polima.

Ukungu ulikaa siku nyingi. Evarista, mwenzake wa maabara aliyezaliwa Ilula kwenye mashamba ya nyanya, ndiye aliyetangulia kutazama vioo.

"Dada, yako imeiva."

"Usinitanie asubuhi hii."

"Njoo uone. Kwetu nyanya ikifika rangi hii, unamkimbilia abiria umuuzie kabla basi halijaondoka."

Utando wa glikoli ulikuwa umegeuka njano, dalili ya kuharibika, kuanzia kingo hadi katikati. Ule wa akriliki ulikuwa bado mweusi. Tusekile alijua tangu mwanzo kwamba glikoli hupenda maji. Alitumaini tu kwamba kiasi kidogo kisingedhuru.

"Andika matokeo ya kiangazi," Evarista alisema, safari hii bila utani. "Si uongo. Vaa joho, upumzike."

"Na paneli ya zahanati?"

"Peleka hiyo hiyo. Ikifa, watasema mvua."

Tusekile alikaa juu ya ukuta ule wenye majimaji. Alikuwa amevuka arobaini. Waliosoma naye walikuwa wakuu wa idara, na yeye alikuwa bado anaitwa mwanafunzi. Aliwafikiria akina mama wa Kilolo wakingoja gizani, wakiitazama taa iliyofungwa kwa sherehe.

Dakta Sosthenes alimkuta hapo. "Tunakwenda na ipi?"

"Akriliki."

"Na utafiti wako?"

"Nitaanza upya."

"Ni mwaka mwingine, Tusekile."

"Najua, Dakta."

Alivaa glavu, maana utando ule wa njano ulikuwa na madini ya risasi, akaanza kuukwangua. Ulitoka kwa urahisi, kama unga uliolowa. Kioo chenyewe kilikuwa kizima, na paneli ya akriliki ilikihitaji.