Mjane na Dereva wa Treni

Shemeji yangu ni fundi wa kujalidi vitabu maktabani. Kushika sindano nilimfundisha mimi, ingawa yeye anakana. Mwezi uliopita kitambaa kilibaki cha jalada moja tu, na riwaya mbili za Kimarekani zilikuwa zimechanika. Amri ya maktaba ikawa: itakayokosa jalada itupwe. Walimu wawili wakaja kuzitetea.

“Hii ya mjane mkulima ndiyo riwaya kubwa kuliko zote za Kimarekani,” alisema mwalimu wa kike.

“Dada yangu, bado hujaisoma hii ya dereva wa treni,” mwenzake akamjibu.

Shemeji akachukua rula, akapima. “Dereva kamzidi mjane nusu inchi.”

“Kubwa kwa hadhi, fundi, si kwa unene.”

“Hadhi sina sindano yake, mama. Mimi nashona karatasi.”

Walibishana mpaka maktaba ikafungwa. Kesho yake tukakuta riwaya zote mbili zimeshonwa ndani ya jalada moja, nene kama tofali, na walimu wote wawili wameridhika.

Msomaji wa kwanza alikirudisha kitabu amenuna. Alisema dereva kafa vizuri tu, lakini yule mjane wake hana utu, maana kaendelea kulima viazi bila kudondosha hata chozi.