Mkanda mpya tulimpa mzee

Leo heshima imemvunja mtu mguu.

Asubuhi hapa saiti Tarime, msimamizi alituletea mikanda ya usalama, ile unayovaa mabegani na mapajani halafu unajifunga kamba. Mmoja mpya, mingine ya zamani.

"Chagueni wenyewe," akasema.

Jamani, nani achague kabla ya Mzee Marwa? Mimi kwetu ni Songea, mgeni huku, lakini hata mimi nilisema, "Mzee kwanza."

Akauvaa ule mpya. Mwita, fundi mwenzetu, akamtania, "Mzee, leo unaenda kuongeza mke."

Tukacheka.

Sasa sikilizeni. Mzee Marwa anapiga plasta chini, jukwaa lake halizidi urefu wa meza. Anayepanda kwenye paa ni Mwita. Na Mwita alibaki na mkanda wa zamani, nyuzi za begani zimeanza kuachia.

Niliziona.

Nikataka kumwomba mzee wabadilishane. Lakini utamwambiaje mzee avue kitu alichopewa mbele ya watu? Nikanyamaza.

Kabla ya chai Mwita akateleza kwenye bati. Mshono wa begani ukakatika. Aliangukia rundo la mchanga, ndiyo maana yuko hai.

Tuko hospitali. Mzee amekaa kwenye benchi. Aliniambia mimi tu, taratibu kabisa, "Mngeniomba, ningempa."

Mke wake Mwita yuko njiani kutoka Susuni. Mimi ndiye nitakayempokea.

Nyie mngemwambia nini?