Picha ya Kisasi Niliyoiharibu Digbeth

Siku yangu ya kwanza kazini nilibeba nyaya. Nilizibeba asubuhi mpaka jioni, na kila nilipozikunja, Mkuu wa Sauti alizikunjua na kuniambia nianze upya. Waya wa maiki hauzungushwi kwenye kiwiko kama kamba ya kuanikia nguo. Unakunjwa duara moja juu, duara moja chini, ili siku ukitupwa unyooke wenyewe bila fundo. Mimi mtoto wa Kibokoni, Mombasa, niliyekuja Birmingham kwa kaka yangu na kuambiwa kuna kazi studio, nilidhani nitakalishwa mbele ya mashine nionekane mtu. Wapi! Miezi mitatu nyaya tu.

Mwezi wa nne Mkuu wa Sauti, Mwingereza mfupi mwenye kikohozi kisichopona, alinivisha hedifoni zake. Mwigizaji mmoja alikuwa amekwenda msalani na maiki ya kifuani hajaivua. Nyinyi mnaorekodi kwa simu huenda hamuijui: ni kidude kama punje ya hindi, kinabandikwa chini ya shati juu ya mfupa wa kidari, na waya wake unateremka hadi kwenye kisanduku kiunoni, ambacho hutuma sauti hewani mpaka kwenye mashine ya fundi. Kidude hicho hakijui kama kamera imesimama. Basi nikasikia kila kitu, nikaangua kicheko.

Mkuu wa Sauti akazivua hedifoni kichwani pangu. "Umesikia nini?"

Nikamweleza.

"Hujasikia kitu," akasema. "Anayevaa maiki ametuamini. Kamera ikisimama, unachokisikia si chako. Siku ukikitoa nje, nitakufukuza mimi mwenyewe."

Neno lile nililishika kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilifanya kazi kwenye gari la habari chini ya Mhariri wa Zamu, bibi aliyekuwa akitutuma kwenye mafuriko bila viatu vya mvua na kisha kutuuliza mbona tumelowa. Nikahamishiwa tamthilia, chini ya Mhandisi Mkuu aliyependa kutupima kwa saa yake ya mkononi. Studio ilipopunguza watu nikawa fundi wa kujitegemea, leo harusi, kesho tangazo la magodoro. Kote huko nimesikia watu wakiwadanganya wake zao, nimesikia mabosi wakilia chooni, nami nikatoka na uso mkavu kama vile nilikuwa nasikiliza mvua.

Kuna kitu kingine cha kazi lazima niwaeleze, la sivyo hamtanifuata. Kila chumba kina ukimya wake. Ukimya wa ghala si ukimya wa sebule, na ukiunganisha picha bila kuujua, mapengo yatasikika. Kwa hiyo kabla ya kuondoka mahali, fundi wa sauti husema "sauti ya chumba", na watu wote, awe mwongozaji awe mpika chai, husimama pale pale walipo kwa nusu dakika bila kukohoa, ili ule ukimya unaswe. Hiyo ndiyo amri pekee tuliyo nayo. Nyingine zote ni za mwongozaji. Yeye ndiye husema anza, yeye ndiye husema kata, na fundi anayekata picha ni sawa na mpishi anayeingia sebuleni kuwafukuza wageni.

Sasa niwaambie habari ya picha yangu ya mwisho. Jina lake silitaji, na hata nikilitaja hamtalijua. Mwongozaji alikuwa kijana wa Stechford, mwembamba, asiyelala wala kula, aliyeandika hadithi ya mtu aliyeuliwa ndugu yake naye akamsaka muuaji mpaka akampata. Siku kumi na mbili ndizo tulizopewa, katika ghala la zamani mtaa wa Digbeth, karibu na stesheni ya mabasi, ambako dari lilivuja na kila basi lililowasha injini liliniharibia kazi.

Mlipiza kisasi aliigizwa na Liban, Msomali aliyelelewa Eastleigh, Nairobi. Kazi yake hasa ilikuwa kuendesha gari la mizigo, na ile ndiyo mara yake ya kwanza mbele ya kamera. Muuaji aliigizwa na Mzungu mmoja, nitamwita Dean. Mwongozaji alitaka mtu aliyewahi kufungwa kweli, akampata Dean. Sote tulijua ametoka jela, na kwa adabu hakuna aliyemuuliza alifungwa kwa lipi. Alikuwa mtu wa kimya, akiwapikia wenzake chai bila kuombwa.

Na mimi, jamani, kwa sura nimemrithi babu yangu Mbaluchi. Mtaa wetu wa Sparkhill mzima huniita Chacha, yaani ami kwa Kiurdu, wakidhani natoka Pakistani, na nimechoka kukanusha. Liban naye aliniita Chacha na kunisemesha Kiingereza. Waigizaji wadogo wengi walikuwa vijana wa Kisomali, kwa hiyo Liban alipotaka kusema jambo wasilolielewa wale, alijitenga nyuma ya makasha na kusema Kiswahili. Hakujua kwamba kulikuwa na masikio ya Kibokoni mita ishirini kutoka pale.

Siku ya kumi na moja, wakati wa chakula, nilikuwa napima betri. Hedifoni zilikuwa kichwani, na maiki ya Liban ilikuwa wazi. Alikuwa anazungumza na mama yake kwa simu. Yake niliyasikia, ya mama yake sikuyasikia.

"Mama, ni yeye," alisema. "Ndiyo, nina hakika. Ni yule aliyemuua kaka Yusuf. Jina ni lile lile, sura ni ile ya gazetini." Akanyamaza. "Hajanijua. Kesi ikiendelea mimi nilikuwa Nairobi, ataniona wapi?" Kimya. "Kesho. Eeh, kuna mahali namkaba shingo." Kimya kirefu. "Watadhani ni mchezo. Watasema ni ajali." Halafu sauti ikabadilika. "Mama, usiseme hivyo. Usilie. Mama, nisikilize kwanza." Nikasikia akipumua. "Sawa. Sawa, mama."

Nikamtazama Dean, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakula sandwichi. Nikamtazama mwongozaji. Maneno matatu tu yangetosha, lakini polisi wangekuja, na Liban angefungwa kwa maneno ya hasira aliyomwambia mamake. Nikajituliza: mama amelia, mama amemsihi, naye amesema sawa. Mama gani ataacha kumsihi mwanawe? Yamekwisha. Nikabadilisha betri.

Jioni ile mke wangu akaniuliza mbona nala kama mgonjwa. Nikamwambia ni uchovu. Akasema, "Uchovu gani wa kukufanya uongee na wali?"

Asubuhi nilimbandika Liban maiki. Kazi hiyo inakuweka karibu na mtu kuliko daktari. Kiganja changu kilikuwa juu ya kifua chake, na moyo ulikuwa ukidunda kama unataka kutoka. "Chacha, mikono yako baridi," akaniambia kwa Kiingereza. Kiswahili kilinijia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Nikakimeza. Naona haya mpaka leo.

Kukaba shingo kwenye picha kuna utaratibu wake. Anayekabwa ndiye mwenye nguvu: anashika viganja vya mwenzake na kuvizuia, na yule wa juu anatetemesha mabega tu. Mambo yakiharibika, anayekabwa anapiga sakafu mara mbili kwa kiganja, na kila kitu kinasimama. Mwongozaji aliwaonyesha yeye mwenyewe, kwa sababu hatukuwa na mtaalamu.

Mara ya kwanza ilikwenda salama. Mara ya pili pia. Mwongozaji akasema, "Nzuri, lakini siamini. Liban, huyu kamuua ndugu yako. Nipe hasira." Nikamwona Liban akimtazama kwa muda mrefu, kisha akaitikia kwa kichwa.

Mara ya tatu niliifuata kwa masikio. Mtu anayeigiza kukabwa hufanya kelele nyingi, anakoroma, anatoa macho. Anayekabwa kweli hana sauti. Maiki ya Dean ilianza na kelele, zikapungua, kisha zikakatika kabisa. Kwenye maiki ya Liban nikasikia mnong'ono: "Yusuf. Yusuf. Yusuf."

Nikangoja kiganja kipige sakafu. Hakikupiga, na kwa nini hakikupiga, mimi sijui mpaka leo. Mwongozaji alikuwa ameinamia skrini yake, mkono mdomoni, amefurahi kama mtoto.

Nikasimama. "Liban! Mwache!"

Ghala zima likanigeukia. Liban naye aligeuka, akanikodolea macho, maana Chacha wa Kipakistani alikuwa amemwita kwa Kiswahili. Vidole vililegea lakini havikutoka shingoni. Mwongozaji akaanza kufoka, nani amekata, nani amemruhusu, na katika makelele yale nikaona macho ya Liban yakirudi tena chini, kwenye ile shingo.

Basi nikatoa amri pekee niliyokuwa nayo, kwa Kiingereza na kwa sauti ya kazi. "Sauti ya chumba! Nusu dakika! Asisogee mtu!"

Wakaganda. Mazoea ni kitu kikubwa. Mwongozaji aliganda mdomo wazi, mpiga picha akaganda, vijana wa Kisomali wakaganda na vikombe vyao. Liban naye, ambaye siku kumi na mbili zilikuwa zimemfundisha, aliganda pale pale alipo. Nikasikia hewa ikimwingia Dean, kwanza kidogo, kisha kwa pupa. Nusu dakika ikapita, sikusema kitu. Dakika ikapita. Matone ya dari yalikuwa yakidondoka. Nikaanza kumsikia Liban akilia, kilio cha mtu anayejaribu kutolia, na bado sikusema kitu mpaka niliposikia mikono yake ikishuka. Ndipo nikasema imetosha. Liban akainuka, akavua maiki mwenyewe, akaiweka mezani pangu taratibu, akatoka.

"Umeniharibia picha," mwongozaji aliniambia, machozi yakimlengalenga. "Ile ndiyo ilikuwa yenyewe. Kwa nini?"

"Sauti ilikuwa mbovu," nikasema.

Nikaandika hivyo hivyo kwenye karatasi yangu ya sauti: mbovu, isitumike. Kisha nikaifuta ile sauti. Katika kazi yangu yote ndiyo sauti moja tu niliyoifuta na uongo mmoja tu niliouandika. Dean alikaa akijishika shingo, akasema viganja vya Liban vilimteleza mikononi, na kwamba onyesho lile hatalirudia tena. Picha ikamalizika kwa kivuli ukutani badala ya kule kukabana, ikaonyeshwa mara moja katika ukumbi mmoja pale pale Digbeth, na watu wakatoka wakiuliza kisasi chenyewe kiko wapi.

Habari zikaenea kwamba mzee wa sauti amechanganyikiwa, anapiga makelele katikati ya kazi. Simu ikaacha kulia. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, bila karamu wala mkono wa kwaheri. Iliniuma, sitawaficha. Nilijipoza kwa fikra moja tu: kwamba huko Nairobi yuko mama mmoja aliyemsihi mwanawe, nami nikamsaidia.

Mwaka uliofuata Liban alibisha hodi kwangu. Aliniamkia kwa Kiswahili. "Shikamoo, mzee. Mama amekuja kutembea. Anataka kukuona." Nikavaa kanzu. Mke wangu akanifungia kaimati nisiende mikono mitupu. Nilitembea Stratford Road nzima nikiwa na furaha, kwa sababu, niseme kweli, nilikuwa nakwenda kushukuriwa.

Mama yake Liban alikuwa bibi mrefu, amekaa wima kwenye kochi, tasbihi mkononi. Hakuinuka.

"Wewe ndiye mtu wa sauti?"

"Ndiye mimi, mama."

"Ulinisikia siku ile kwenye simu?"

"Wewe sikukusikia. Nilimsikia Liban tu. Lakini nilijua unamsihi aache."

Akamtazama mwanawe. Liban akatazama zulia.

"Nani aliyekwambia nilimsihi aache?" akasema. "Huyu alinipigia anatetemeka. Alitaka kuacha hiyo kazi, ajiendee. Mimi ndiye niliyemuuliza ni lini, na kwa njia gani, na watu watasema nini. Nilimwambia asipofanya, radhi zangu hana, hapa wala kwa Mungu."

Niliweka kaimati chini. Maisha yangu yote nimesikia upande mmoja wa watu na kujijazia upande wa pili, na nilijiona fundi.

"Siku nzima nilishika simu," akaendelea, "nangoja kuambiwa kwamba mtu amekufa. Ilipolia, alikuwa mwanangu. Analia, ananiomba msamaha kwa kuwa hakuua." Tasbihi ilisimama. "Radhi nilimpa pale pale. Kwake yamekwisha. Lakini wewe mtu mzima, niambie: mimi nimwombe nani radhi?"

Liban aliinuka, akaenda akakaa chini miguuni pa mama yake, na yule bibi akamwekea mkono kichwani, akaanza kulia kwa sauti.